Nyuki wasiokaa mzingani na mchango wao katika mashamba yetu

WATU wengi wanaposikia neno nyuki, fikira zao hukimbilia mambo mawili: asali na mwiba. Si ajabu. Tangu jadi Kiswahili kimemtaja mdudu huyu kwa asali yake, na methali tuliyokaririshwa shuleni yatuhimiza tumfuate ili tuile. Hata hivyo, methali hiyo yamhusu nyuki wa kundi moja dogo mno. Duniani zipo spishi zaidi ya 20,000 za nyuki ambazo wanasayansi wamekwisha kuzieleza na kuzipa majina, na katika hesabu hiyo yote, nyuki wa asali wa kweli hawafiki hata spishi kumi na mbili. Ukimfuata mmoja wa hao wengine, aghalabu utafikishwa kwenye tundu la boriti kuukuu, ufa wa ukuta wa udongo au kishimo katikati ya njia ya ng'ombe. Asali hutaiona.

Kusini mwa Sahara pekee kumeorodheshwa spishi zaidi ya 2,500. Wengi wao hawana mzinga, hawana malkia wala jeshi la kuilinda ghala. Ni hawa ambao wataalamu huwaita nyuki wapweke, na ndio wanaochangia kuzalisha kunde, biringanya na matunda ya karakara tunayonunua sokoni bila kujua nani aliyeyafanya yatunge.

Neno moja kuhusu jina hilo kabla hatujasonga mbele. Mhariri aliyezoea kupima maneno hawezi kukosa kulitilia shaka. Upweke katika Kiswahili una harufu ya huzuni. Mpweke ni mtu aliyekosa mwenziwe. Nyuki huyu hakukosa mtu. Kila jike ni malkia na kibarua kwa wakati mmoja: ajenga mwenyewe, atafuta chakula mwenyewe na ataga mwenyewe. Pengine "nyuki wa kujitegemea" lingemfaa zaidi, lakini jina likishashika ni kazi kuling'oa, nami nitalitumia kama lilivyo. Wala msomaji asidhani kwamba mpaka kati ya nyuki wapweke na wale wa kijamaa ni mstari ulionyooka. Wapo majike wanaotumia mlango mmoja huku kila mmoja akiwa na chumba chake ndani, mfano wa wapangaji wa ploti moja, na wapo mabinti wanaokawia nyumbani kwa mama yao kwa majuma kadhaa kabla ya kwenda kujitafutia.

Seremala wa paa

Kwa Mkenya wa kawaida, njia rahisi ya kuwafahamu nyuki hawa ni kuanza na yule ambaye tayari wanakutana naye kila siku: nyuki seremala. Ni yule mkubwa, mnene, mwenye mlio mzito, anayezunguka ukingoni mwa paa wakati wa jua. Wengi humweka kapu moja na nyigu, mavu na bunzi, nao watoto hufunzwa kumkimbia. Katika baadhi ya spishi jike ni mweusi mwenye mikanda myeupe au ya manjano, ilhali dume ni wa rangi ya manjano au hudhurungi mwili mzima, hata watu hudhani ni wadudu wa aina mbili tofauti.

Dume ndiye anayeleta vitisho. Hujitundika hewani mbele ya uso wa mtu, akaelea pale kana kwamba anataka vita, kisha akamfukuza kila apitaye, awe ndege, kipepeo au mwenye nyumba. Ni kelele tupu. Dume wa nyuki hana mwiba kabisa, kwa kuwa mwiba wa nyuki ni kiungo cha kutagia kilichogeuzwa silaha, na kiungo hicho ni cha jike. Jike naye huuma tu akishikwa au akibanwa ndani ya nguo. Hana kundi la kumsaidia wala ghala la asali la kulipigania, kwa hiyo hakuna kisa cha nyuki seremala kuvamia kijiji kama wafanyavyo nyuki wa asali waliochokozwa.

Kazi yake ni ya kustaajabisha. Kwa taya zake jike hutoboa mlango wa mviringo katika mbao kavu, mlango ulio sawasawa kana kwamba umekatwa kwa keekee, kisha akageuza njia kufuata nyuzi za ubao. Hali mbao hizo. Ile unga-unga inayoanguka chini ni taka za ujenzi. Mwisho wa njia huweka mkate wa chavua uliokandwa kwa mbochi, yaani yale maji matamu ya maua, akataga yai moja juu yake, na kukifunga chumba kwa ukuta wa unga wa mbao uliogandishwa. Kisha chumba cha pili, cha tatu, hadi njia ijae. Buu akianguliwa hukuta chakula chake chote cha utotoni kimewekwa kando yake.

Mayai ya nyuki seremala ni miongoni mwa mayai makubwa kabisa katika jamii nzima ya wadudu, na ni machache mno. Malkia wa nyuki wa asali aweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 kwa siku moja msimu unapokuwa mzuri. Jike wa nyuki mpweke hatagi hata 30 katika maisha yake yote, na seremala wengi huishia chini ya kumi. Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Mwenye nyumba anayemwaga mafuta ya taa katika tundu moja la boriti hajapunguza kundi la maelfu. Ameondoa familia nzima, na pengine hakuna nyingine karibu ya kushika nafasi yake mwaka huo.

Wakata majani na wachimba ardhi

Kundi la pili hutambulikana kwa alama badala ya sura. Ukiona majani ya mwaridi au mbaazi yamekatwa vipande vya mviringo ukingoni, safi kama kwa mkasi, usikimbilie dawa. Huyo si mdudu mla majani. Ni nyuki mkata majani, ambaye huvibeba vipande hivyo hadi ndani ya mwanzi mkavu au tundu lililoachwa na mdudu mwingine, akavipanga kama mfuko wa kulelea buu lake. Hasara kwa mmea ni ndogo sana. Wengine wa ukoo huohuo hutumia udongo au utomvu wa miti badala ya majani.

Nyuki hawa hubeba chavua kwa namna iliyo tofauti na ya nyuki wa asali. Nyuki wa asali huilowesha chavua kwa mbochi na kuifinyanga donge analolishikiza mguuni. Chavua hiyo imekwisha kufungwa, haiangukii ua jingine kwa urahisi. Mkata majani huibeba ikiwa kavu katika nywele za chini ya tumbo, na kila akitua huiacha nyingine ikipeperuka. Kwa mwenye kuangalia usafi, ni mbeba mizigo mzembe. Kwa mmea unaongoja chavua ya jirani, ni mgeni bora kuliko wote.

Halafu wapo wa ardhini. Yakadiriwa kwamba takriban asilimia 70 ya nyuki wapweke duniani huchimba viota vyao udongoni. Humu wamo nyuki wadogo waliojaa ushanga wa kijani au shaba, wale wanaotua mkononi mwa mtu kulamba jasho, na pia wale wenye mikanda ya samawati tumboni, warukao kwa kasi kutoka ua hadi ua la mrihani, ambao hupenda kingo za mito na kuta za udongo. Nyumba nyingi za udongo mashambani zimekuwa kwa vizazi vingi maskani ya wapangaji hawa wasiolipa kodi. Hakuna mwenye haki ya kumwambia Mkenya asijenge nyumba ya mawe kwa ajili ya nyuki. Ni vyema tu kufahamu kwamba ukuta wa zizi au wa jiko la zamani ukibomolewa, kuna waliohama bila kupewa notisi.

Maadui wao wa asili ni wengi, baadhi yao wakiwa nyuki wenzao. Lipo kundi la nyuki ambao hawajengi wala hawakusanyi chavua. Jike huvizia mlangoni mwa mwenye mikanda ya samawati, akaingia mwenyeji akitoka, na kutaga katika chumba kilichojazwa tayari. Buu lake hula chakula kisichotafutwa kwa ajili yake. Mtu aweza kuwachukia, lakini wataalamu hufurahi wakiwaona, kwa kuwa mdokozi hustawi palipo na mali.

Ua linalohitaji kutikiswa

Swali la mkulima ni hili: ikiwa nina mizinga, nyuki hawa wanifae nini? Jibu limo ndani ya ua la nyanya.

Katika mimea mingi vifuko vya chavua hupasuka na kuianika chavua nje. Katika nyanya, biringanya na jamaa zao, vifuko hivyo vimefungwa, vikiwa na vitundu vidogo kwenye ncha tu, mfano wa kichupa cha chumvi mezani. Chavua haitoki hadi kitikiswe. Nyuki seremala, wenye mikanda ya samawati na baadhi ya wachimba ardhi hulikumbatia ua, wakakaza misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, na kutetemesha kwa nguvu hadi chavua ikawarukia tumboni. Mwenye sikio zuri huusikia mlio huo ukibadilika, ukawa wa juu zaidi, mara nyuki anapotua. Nyuki wa asali hajui ufundi huu. Ulaya na Marekani wapo nyuki wakubwa wenye manyoya wafugwao kwa kazi hiyo katika vivungulio, lakini kusini mwa Sahara jamaa hao hawapo kiasili. Kwetu kazi ni ya seremala na wenzake.

Nyanya huweza kujichavusha kwa msaada wa upepo, japo tunda huwa bora likitikiswa. Biringanya huonyesha tofauti waziwazi. Huko Nguruman, Kaunti ya Kajiado, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa ambako wakulima hunyunyizia mashamba maji ya mito itokayo mlimani, watafiti Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichunguza zao hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2008. Waliofanya kazi kubwa walikuwa nyuki wapweke wa spishi mbili: seremala aitwaye kitaalamu Xylocopa caffra na mchimba ardhi mdogo Macronomia rufipes. Ua la biringanya lina chavua lakini halina mbochi, kwa hiyo nyuki hao hawawezi kuishi kwa shamba la biringanya peke yake. Ni lazima wapate chakula kingine katika vichaka na msitu mkavu unaopakana na mashamba. Mkulima aliyefyeka kichaka ili apate mistari miwili zaidi ya biringanya huenda alipata mistari hiyo na kupoteza matunda.

Karakara ina kisa chake. Ua lake ni kubwa na sehemu zake zimeinuliwa juu, hivi kwamba nyuki wa asali hupita chini, akachota mbochi au kuiba chavua na kuondoka bila kugusa panapotakiwa. Mgongo wa nyuki seremala hufika barabara. Karakara ya manjano, ipandwayo zaidi maeneo ya joto ya nyanda za chini, haizai kwa chavua yake yenyewe. Yahitaji chavua ya mmea mwingine, na maua yake hufunguka mchana na kufunga usiku wa siku hiyohiyo. Ile ya zambarau ya nyanda za juu hufunguka alfajiri. Pasipo seremala, mkulima hana budi kupita ua kwa ua akichavusha kwa kidole, na wako wafanyao hivyo. Tena wakulima haohao ndio mara nyingi huyaziba matundu ya nguzo zinazobeba mikarakara yao.

Utafiti mwingine wa kutajwa ni wa Kakamega. Dkt Mary Gikungu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, katika tasnifu yake ya mwaka wa 2006 katika Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, aliorodhesha zaidi ya spishi 200 za nyuki ndani na kandokando ya msitu huo. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba nyuki walikuwa wa aina nyingi zaidi katika sehemu zilizo wazi na vichaka vinavyorejea kuliko ndani ya msitu mzito. Nyuki wengi hupenda jua na ardhi kavu. Naye Dkt Muo Kasina, pamoja na wenzake, walikadiria mwaka wa 2009 thamani ya kazi ya nyuki kwa wakulima wadogo wa eneo hilo katika mazao manane, yakiwemo maharagwe, kunde, ndengu, njugumawe, alizeti na karakara. Walipata kwamba karibu asilimia 40 ya thamani ya mazao hayo kwa mwaka ilitokana na uchavushaji wa nyuki. Hesabu hiyo huwahusu nyuki wa kila aina, wa mzingani na wasio wa mzingani. Hata hivyo hakuna mkulima aliyeandika fungu hilo katika daftari lake la gharama, kwa kuwa hakuna aliyemletea ankara.

Kahawa nayo, ingawa yaweza kujichavusha, haidharau wageni. Nchini Indonesia, kwenye kisiwa cha Sulawesi, watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka wa 2003 kwamba palipozuriwa na spishi tatu tu za nyuki, asilimia 60 hivi ya maua ya kahawa yalitunga. Palipokuwa na spishi 20 au zaidi, asilimia hiyo ilikaribia 90. Wapweke walikuwa stadi zaidi kwa ziara moja moja. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2013, jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa mifumo 41 ya mazao kutoka mabara mbalimbali. Ziara za wadudu wa porini ziliongeza utungaji wa matunda maradufu ya zile za nyuki wa asali, na mizinga haikuweza kuziba pengo pale wa porini walipopungua.

Kosa la mizinga

Nalisema hili kwa uangalifu, kwa kuwa ufugaji wa nyuki umewainua watu wengi katika Baringo, Kitui na kwingineko, na hakuna ubaya wowote katika kuvuna asali. Lakini imekuwa desturi kwamba kila kampeni ya kuokoa nyuki huishia kwa kugawa mizinga. Wakubwa hupigwa picha wakiikabidhi, gazeti huichapisha, na nakiri kwamba katika miaka yangu ya uhariri nimepitisha picha za namna hiyo nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikumbuki hata moja ya mdudu aliyekaa ardhini. Kumgawia mtu mzinga ili kuwaokoa nyuki wapweke ni sawa na kufuga kuku ili kuwaokoa ndege wa msituni. Tena mizinga ikijazana mahali penye maua machache, hasa msimu wa ukame, makundi ya maelfu hushindana na mama mmoja mmoja kwa chavua ileile, na si vigumu kubashiri nani atakayeshinda.

Hatari nyingine ni dawa. Nyuki wa asali huhesabika; mfugaji akikuta maiti mlangoni mwa mzinga hulalamika, na huenda akasikilizwa. Nyuki mpweke hufia shimoni mwake na hakuna anayejua. Zaidi ya hayo, anakutana na sumu kwa njia ambazo wa mzingani hazijui: mchimba ardhi hulala katika udongo ulionyunyiziwa, naye mkata majani humfunga mwanawe kwa majani yenye dawa. Nzige wa jangwani walipovamia nchi kuanzia Desemba 2019, na maeneo makubwa ya kaskazini yakanyunyiziwa dawa kutoka angani katika mwaka uliofuata, mjadala ulikuwa kuhusu malisho na mifugo. Kuwaacha nzige wale kila kitu halikuwa jambo la kufikirika. Ila maeneo hayo makavu ndiyo yenye utajiri mkubwa wa nyuki wapweke, ambao hulala ardhini miezi mingi wakingoja mvua iamshe maua.

Muungano wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka wa 2018 matumizi ya nje ya dawa tatu za kundi la neonikotinoidi kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Dawa za kuua kwekwe nazo, ambazo hazimgusi nyuki moja kwa moja, humwondolea chakula kati ya msimu mmoja wa mazao na mwingine.

Lipo pia tatizo la kutojulikana. Nyuki wawili wa ardhini wanaofanana machoni petu waweza kuwa wa spishi mbili zenye maisha tofauti, na wenye ujuzi wa kuwatenganisha kwa hadubini ni wachache mno barani. Vielelezo vingi vya kwanza vya nyuki wa Afrika, vile ambavyo majina yao yalitegemezwa, vimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na kwa muda mrefu mtafiti wa Nairobi alilazimika kusafiri ili kuhakikisha jina la mdudu aliyemkamata Machakos. Kitabu cha Connal Eardley na wenzake kuhusu jenasi za nyuki wa kusini mwa Sahara, kilichotoka mwaka wa 2010, kimepunguza safari hizo. Kwa msomaji wa kawaida anayejua Kiingereza, kijitabu cha mwaka wa 2014 cha Dkt Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, kuhusu wachavushaji wa Afrika Mashariki, chafaa sana. Kwa Kiswahili bado tunangoja.

La kufanya shambani na nyumbani

Kuwasaidia nyuki hawa hakugharimu pesa nyingi. Sehemu kubwa ni kuacha kufanya. Acheni kipande cha ardhi isiyolimwa wala kufurika maji, hata kama ni hatua tatu kwa tatu penye jua, kwani jembe na trekta huvivunja viota vilivyo karibu na uso wa udongo. Shina la mti lililokauka lisikimbizwe jikoni lote. Mlingoti wa mkonge uliokwisha kutoa maua ni nyumba anayoipenda seremala kuliko boriti yako, na ukiusimamisha mwisho wa shamba huenda akaliacha paa. Kwa mbao za nyumba, rangi au vanishi humkatisha tamaa. Matundu ya zamani yazibwe baada ya wenyewe kutoka, si wakiwa ndani.

Mianzi hufaa kwa wakata majani. Kata vipande vya urefu wa sentimita 15 hivi, fundo likiwa limeziba upande mmoja na upande wa pili ukiwa wazi, vipana kwa tofauti kuanzia milimita tatu hadi kumi. Funga fungu, ulaze chali chini ya upenu, midomo ikielekea mashariki ili jua la asubuhi liipate na mvua isiingie. Kamba au waya wa kuutundikia upakwe grisi, kama wafanyavyo wafugaji, kuwazuia siafu. Mdomo ukizibwa kwa majani au udongo, ujue umepata mpangaji. Baada ya msimu mmoja au miwili mianzi ibadilishwe, kwa kuwa utitiri na ukungu hujikusanya katika viota vikuukuu. Wapo waliotundika "hoteli" kubwa za kupendeza wakazisahau, zikawa vituo vya magonjwa.

Haya si mambo ya kujifurahisha bustanini tu. Wajapani wamekuwa wakifuga nyuki wapweke katika matete kwa ajili ya mitufaha yao tangu miaka ya 1940, na kilimo cha mbegu za luseni Amerika Kaskazini kimeegemea mkata majani mmoja mdogo, mzaliwa wa Ulaya na Asia, ambaye sasa huuzwa kwa debe. Kwetu hakuna ulazima wa kuleta mgeni. Wenyeji tunao.

Kuhusu chakula chao, panda kwenye mpaka kile kinachochanua wakati mazao hayana maua. Mitoo, ambayo magharibi mwa nchi huliwa kama mboga, ina ua ambalo mlango wake hufunguliwa na seremala na wakata majani kwa uzito wao. Ukiacha mashina machache yachanue badala ya kuyachuma yote, utawaona. Mbaazi ni hivyo hivyo. Mrihani uliokomaa huwavuta wenye mikanda ya samawati tangu asubuhi. Hata kwekwe za kando ya njia zina kazi yake, na kuzifyeka kabla hazijaingia shambani si sawa na kuzing'oa nchi nzima.

Dawa, kama haina budi, isinyunyiziwe wakati zao limechanua. Isubiri jioni maua yakishafunga na nyuki wakiwa wamelala, na maandishi ya chupani kuhusu nyuki yasomwe kabla ya kufungua kifuniko, si baadaye. Jirani naye ajulishwe, maana nyuki mdogo wa ardhini haendi mbali. Wengi wao hutafuta chakula ndani ya mita mia chache tu kutoka kiotani, na mara nyingi hilo ni shamba lako na la jirani yako, basi.

Atakayetaka kuwaona aanze saa tatu asubuhi jua likishapasha, asimame kando ya maua ya kunde au biringanya kwa dakika kumi bila kusogea, na ahesabu ni wadudu wa sura ngapi watakaotua. Wengi huanza kwa kusema ni nyuki mmoja, na kabla ya dakika kumi kwisha wamefika watano au sita.